Mtoto anapopenda muziki wa pop, mwalimu wa sauti atafutwe wapi?

MTOTO wa miaka tisa asiyeweza kunyamaza dakika mbili bila kuimba ni furaha ya nyumba, na mara nyingine ni kero yake. Wimbo aliousikia asubuhi kwenye matatu akielekea shuleni huurudia jioni akioga, na kufikia Jumamosi huwa ameukariri wote, pamoja na maneno ambayo mamake angependa asiyajue.

Wazazi wa mtoto wa aina hii hatimaye hujiuliza iwapo wamtafutie mwalimu. Swali hilo huzaa jingine lililo gumu zaidi. Walimu wengi wa sauti nchini walilelewa katika kwaya za makanisa na za shule, ilhali mtoto hataki kuimba kikwaya. Anataka kuimba kama Zuchu, kama Beyoncé au kama Bien wa Sauti Sol.

Hapo ndipo wazazi hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaomlazimisha mtoto aache “kelele” hizo na ajifunze muziki unaodhaniwa kuwa wa maana. Wapo pia wanaomwacha apige mayowe mbele ya spika wakiamini kwamba kipaji hakifundishwi. Makundi yote mawili yanakosea, kwa sababu yanaanza na aina ya muziki badala ya kuanza na koo la mtoto.

Koo changa

Sauti ya binadamu hutokana na nyuzi mbili ndogo za misuli na utando zilizomo kooni, ambazo hewa inayotoka mapafuni huzitikisa. Kwa mwanamume mzima nyuzi hizo hazizidi sentimita mbili na nusu kwa urefu. Kwa mwanamke ni fupi kuliko hapo, na kwa mtoto ni fupi zaidi na bado hazijakomaa.

Mtu anapoimba noti ile inayotumiwa kupatanisha ala za muziki, nyuzi zake hukutana na kuachana mara 440 katika sekunde moja. Katika wimbo mmoja wa dakika tatu, basi, nyuzi za mtoto hugongana makumi ya maelfu ya mara. Akiimba kwa utulivu hazipati madhara yoyote. Akiimba kwa kukaza shingo na kupiga kelele, zikiendelea hivyo siku baada ya siku, huweza kuota sugu, kama kiganja cha mtu anayeshika jembe kutwa kucha.

Sugu hizo ni miongoni mwa sababu za kawaida za watoto kukaukiwa na sauti, na haziwapati waimbaji peke yao. Mtoto anayepiga kelele uwanjani kila siku huweza kuzipata pia. Kwa bahati nzuri, nyingi hupungua mtoto anapofundishwa kuitumia sauti yake vyema, bila kuhitaji kupasuliwa.

Watu wazima waliobobea nao hawajasalimika. Adele, mwimbaji wa Uingereza ambaye nyimbo zake hupendwa mno na wasichana wanaojifunza kuimba, alilazimika kukatiza ziara yake Marekani mwaka 2011 na kufanyiwa upasuaji wa nyuzi za sauti. Ikiwa koo la mtu mzima aliyesomea shule ya sanaa lilielemewa, mzazi ana kila sababu ya kutahadhari na koo la mtoto wa darasa la nne.

Kwa hivyo, kazi ya kwanza ya mwalimu ni kulinda sauti hiyo isiharibike kabla ya kukomaa. Kumfanya mtoto kuwa nyota ni jambo la baadaye, kama litakuwapo.

Wimbo ulitungiwa sauti nyingine

Tatizo kubwa la mtoto apendaye muziki wa pop ni kwamba nyimbo zenyewe hazikutungwa kwa ajili yake. Msanii hurekodi wimbo katika kiwango kinachoifaa sauti yake mwenyewe, kile ambacho wanamuziki hukiita kii. Mtoto huufuata vilevile ulivyo. Akiimba wimbo wa mwanamume hujikuta ama anakoroma chini asikosikika, ama anarukia juu asikofika. Akiimba wimbo wa mwanamke mwenye kifua kikubwa, hufika kwenye kiitikio mishipa ya shingo imemtoka.

Tiba yake ni rahisi, na inashangaza jinsi isivyotumiwa. Wimbo huteremshwa au hupandishwa. Vinanda vingi vya umeme vina kitufe cha kufanya kazi hiyo, na zipo programu za simu zinazoweza kubadilisha kii ya wimbo bila kuharibu kasi yake. Mwalimu wa kweli hufanya hivyo katika somo la kwanza, kabla hata ya kusema neno kuhusu kupumua. Anayemwambia mtoto “jikaze utafika” hajui kazi yake, hata awe na vyeti ukuta mzima.

Kuna jambo jingine ambalo mtoto hawezi kulijua asipoambiwa. Sauti anazosikia kwenye redio na simu nyingi zimenyooshwa kwa mashine. Programu ya Auto-Tune ilianza kuuzwa mwaka 1997, na mwaka uliofuata wimbo “Believe” wa Cher uliufanya mlio wake kuwa mtindo ulioenea duniani. Mtoto anayejitahidi kuiga sauti iliyopitishwa humo anashindana na kompyuta. Kumweleza hivyo humwondolea mzigo mkubwa. Wapo wanaoacha kuimba kwa sababu wamejirekodi, wakajisikiliza, wakadhani wao ndio wenye kasoro.

Kwaya si adui wa pop

Mwimbaji wa kwaya hufundishwa kufungua kinywa, kuviringisha irabu na kuisukuma sauti ifike nyuma ya ukumbi bila kipaza sauti. Mwimbaji wa pop huimba karibu na jinsi anavyozungumza, akiutegemea mtambo umbebee sauti. Huweza hata kunong’ona na akasikika na maelfu. Mitindo hii miwili inatofautiana kweli, na mwalimu anayemlazimisha mtoto kuimba wimbo wa Diamond Platnumz kana kwamba ni utenzi wa ibada humfanya achekwe na wenzake.

Hata hivyo, chini ya tofauti hizo msingi ni mmoja: kusimama wima, kuvuta pumzi inayojaza mbavu na tumbo badala ya kuinua mabega, kusikiliza noti na kuilenga katikati, na kutamka maneno yakasikika. Hakuna mtindo unaosamehe udhaifu katika mambo haya.

Ushahidi umejaa. Whitney Houston aliimba katika kwaya ya kanisa la New Hope Baptist mjini Newark, Marekani, akifunzwa na mamake, Cissy Houston, aliyekuwa mwimbaji wa kulipwa. Zuchu ni bintiye Khadija Kopa, malkia wa taarab, na anayesikiliza kwa makini jinsi anavyoiyumbisha noti mwishoni mwa mstari atatambua alikoitoa. Hapa nyumbani, Bien, Chimano na Savara walikuwa wakiimba pamoja bila ala katika kundi la injili walipokuwa wanafunzi wa Upper Hill, Nairobi. Walipojiunga na mpiga gitaa Polycarp mwaka 2005, likazaliwa kundi la Sauti Sol. Ule upatanifu wa sauti uliowapa jina hadi walipopumzisha kundi mwaka 2023 haukushuka kutoka mbinguni. Ni matunda ya mazoezi ya kwaya.

Mzazi wa Kenya, kwa hivyo, asidharau hazina iliyo mlangoni pake. Kwaya ya watoto kanisani au kikundi cha kasida madrasani ni mahali ambapo mtoto hujifunza kusikiliza wenzake, kushika sauti ya pili bila kuvutwa na ya kwanza, na kusoma do-re-mi, bila malipo yoyote. Kwa mtoto wa chini ya miaka saba au minane, kuimba na wenzake kwa njia ya mchezo kunatosha. Masomo ya mtu mmoja mmoja yanaweza kungoja.

Kwa upande mwingine, kwaya ina mipaka yake. Kiongozi mwenye watoto 40 mbele yake hawezi kusikia kwamba mmoja wao anakaza taya. Isitoshe, baadhi ya viongozi hupenda sauti za kupaaza, na mtoto mwenye kipaji huwekwa mbele abebe wenzake wote. Mtoto wa aina hiyo akirudi nyumbani kila Jumapili amekauka sauti, anafaa kutafutiwa mtu wa kumsikiliza peke yake.

Mahali pa kubisha hodi

Jijini Nairobi, Kenya Conservatoire of Music imefundisha muziki tangu mwaka 1944, na makao yake yamekuwa katika uwanja wa Kituo cha Utamaduni cha Kenya, jirani na Jumba la Kitaifa la Maigizo. Watoto hufundishwa sauti na ala. Sifa yake ilijengwa juu ya muziki wa Kizungu wa jadi, lakini mzazi asisite kuuliza ni mwalimu yupi miongoni mwa waliopo anayefundisha mitindo ya kisasa.

Vyuo vikuu vyenye idara za muziki, kama vile Kenyatta na Maseno, ni chemchemi nyingine. Wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne waliojikita katika uimbaji aghalabu hufundisha ili wapate nauli na karo. Hutoza nafuu kuliko walimu wakongwe, na wengi wao wanaimba pop wenyewe. Anayeishi Kisumu au viunga vya Nairobi anaweza kuanzia kwenye ofisi ya idara, aulize anayependekezwa na wahadhiri.

Kwa familia isiyo na uwezo wa kulipa, miradi ya kijamii ipo, ingawa haitoshi. Ghetto Classics, iliyoanzia Korogocho mwaka 2008, imewafikia watoto wengi wa mitaa ya mabanda. Nguvu zake zimekuwa zaidi katika ala, lakini mtoto anayejua kusoma noti za tarumbeta hana kazi kubwa kuhamia kwenye sauti.

Wanaoishi mbali na miji hutegemea shule. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo chimbuko lake ni mwaka 1927, huwapa wanafunzi nafasi ya kupanda jukwaani kuanzia mashinani hadi ngazi ya kitaifa, na mna vitengo vya mwimbaji mmoja. Nyimbo zake nyingi si za pop, jambo ambalo huwavunja moyo baadhi ya watoto. Lakini waamuzi husema hadharani kilichofanywa vyema na kilichoharibika, na tathmini ya namna hiyo ni somo ambalo wazazi wengine hulipia.

Shule zenyewe zinabadilika polepole. Kwa miaka mingi muziki ulikuwa somo la kufukuziwa pembeni, na mtihani wa KCPE ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023 haukuwa na karatasi yake. Chini ya Mtaala wa Umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2019, muziki umo katika sanaa bunifu, na shule ya upili ya juu, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza wa Gredi ya 10 Januari 2026, ina mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mzazi anayemwona mwanawe wa Gredi ya 5 hawezi kuacha kuimba ana haki ya kuuliza mapema ni shule zipi zina mwalimu wa muziki hasa, wala si mwalimu wa somo jingine aliyepewa zamu.

Masomo ya intaneti nayo yamepata umaarufu. Yanafaa, lakini sauti huchelewa njiani, hivyo mwalimu na mwanafunzi hawawezi kuimba pamoja kwa wakati mmoja bila kupishana. Video za bure zina upungufu mkubwa zaidi: mwalimu wa video huongea asimsikie mtoto. Zinasaidia kupasha sauti moto, hazisahihishi kosa.

Maswali ya kumuuliza mwalimu

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, mzazi aombe somo la majaribio na aketi humo. Mwalimu mzuri kwanza humwambia mtoto aimbe wimbo aupendao, hata kama yeye mwenyewe hauthamini. Akiukejeli, mzazi amshukuru kwa adabu, aondoke. Mtoto aliyedharauliwa kwa anachokipenda hafungui tena kinywa.

Pili, aangalie iwapo mwalimu anatafuta noti ya chini na ya juu ambazo mtoto anazifikia bila kujikaza. Tatu, aulize mwalimu atafanya nini mtoto atakapovunja ungo au sauti yake itakapoanza kuvunjika. Sauti ya mvulana hushuka takriban kwa oktava nzima, mara nyingi kati ya miaka 12 na 15, na ya msichana hubadilika pia, ingawa kwa kiasi kidogo. Mwalimu anayejua hupunguza nyimbo za juu katika kipindi hicho, huzibadilishia kii mara kwa mara na humtuliza mvulana anayedhani amepoteza kipaji. Asiyejua humkemea.

Kuhusu lugha, Kiswahili ni zawadi kwa mwanafunzi wa sauti. Kina irabu tano zisizoyumba, na maneno yake huishia kwa irabu, hivyo mtoto ana mahali pa kuiegesha noti ndefu. Maneno ya Kiingereza mengi huishia kwa konsonanti zinazoikata sauti, na irabu zake huteleza kutoka mlio mmoja hadi mwingine. Ni ajabu kwamba watoto wengi hupelekwa moja kwa moja kwenye nyimbo za Marekani, wakati msingi ungejengwa upesi zaidi kwa bongo fleva au wimbo wa kumbembeleza mtoto alioimba nyanya yake.

Kuna wazazi wanaotaka vyeti. Mitihani ya ABRSM ya Uingereza, yenye gredi hadi ya nane, imefanywa nchini kwa miaka mingi. Trinity College London nayo ilianzisha mwaka 2012 mitihani ya roki na pop, ambapo mtahiniwa huimba akifuata muziki uliorekodiwa. Mitihani humpa mtoto lengo, lakini ada zake si haba, na mtoto anayeimba nyimbo tatu zile zile mwaka mzima kwa ajili ya mtahini huweza kuuchukia muziki wenyewe. Mwaka wa kwanza upite bila mtihani.

Usalama na mfuko

Yeyote anayefundisha shuleni anatakiwa kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Mwalimu wa kibinafsi anayekuja nyumbani, au anayepokea watoto sebuleni kwake, huenda hajachunguzwa na mtu yeyote. Mzazi asione haya kumwomba cheti cha tabia njema kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, na nambari za wazazi wawili watatu ambao watoto wao amewafundisha. Mlango wa chumba ubaki wazi. Kufundisha kupumua hakuhitaji mwalimu amshike mtoto kifuani wala tumboni. Mtoto huweka mkono wake mwenyewe.

Tahadhari ya namna hiyo hiyo iwafikie mapromota wanaoahidi studio, video na umaarufu baada ya kumsikia mtoto akiimba kwenye arusi. Mzazi asitie sahihi karatasi yoyote pasipo wakili kuisoma. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mtoto anayeambiwa kila siku kwamba tayari ni nyota haoni kwa nini afanye mazoezi.

Kuhusu gharama, nusu saa kwa wiki inamtosha mtoto wa chini ya miaka 12. Saa nzima humchosha koo na akili, na mzazi hulipia dakika ambazo hazina faida. Ndugu wawili au marafiki watatu wanaweza kuchanga na kufundishwa pamoja, na kwa pop, ambayo hutegemea sana sauti za kuitikia, huo ni mpango mzuri hata kwa mwenye fedha. Kinachojenga sauti ni dakika 10 au 15 za mazoezi ya nyumbani kila siku, maji ya kunywa yakiwa karibu, na mtoto aachwe kabisa asiimbe anapokuwa na mafua au homa.

Sauti ikikwaruza siku mbili baada ya sherehe, hakuna haja ya hofu. Ikiendelea kukwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, au mtoto akilalamika kwamba kuimba kunamuuma, masomo yasimamishwe na apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo. Dawa za kuchua, tangawizi na asali hulainisha koo, lakini haziwezi kuona kilichoota juu ya nyuzi za sauti.

Njia rahisi ya kujua iwapo karo inafanya kazi ni kumrekodi mtoto kwa simu katika wiki ya kwanza akiimba wimbo anaoupenda, kisha kumrekodi tena wimbo ule ule mwishoni mwa muhula. Mzazi asisikilize iwapo sauti imekuwa kubwa. Asikilize kama maneno yanaeleweka, kama mtoto anafika mwisho wa mstari bila kuhema, na kama anapomaliza anaweza kuongea kwa sauti yake ya kawaida.